Hesabu au machale: ukikwama kuamua, usikilize upande upi?

Methali zetu hazimsaidii sana mtu aliyekwama. Akienda polepole zinamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akikimbia zinamwambia haraka haraka haina baraka. Moyo zinausifu, kwamba ukipendacho ni dawa, kisha zinageuka kutuonya kwamba hasira ni hasara. Mwenye mkataba wa kiwanja mkononi, au barua ya kazi ya Dodoma inayotaka jibu, au ujumbe wa shemeji anayeomba akopeshwe laki tano, atapata methali ya kuunga mkono chochote alichokuwa anataka kukifanya tangu mwanzo.

Basi tulinganishe kwa utaratibu. Njia ziko mbili, na kila mmoja wetu anazitumia kila siku. Ya kwanza naiita hesabu: unakaa chini, unaandika faida na hasara, unaulizia bei, unahakiki karatasi, unajumlisha. Ya pili naiita machale, kama mtaani wanavyosema: kitu kinakucheza ndani, unajua unataka au hutaki kabla hujaweza kusema kwa nini. Kwenye machale naingiza pia mapenzi, hofu, aibu, huruma na hasira, kwa sababu vyote hivyo hutusukuma kabla hatujapata maelezo.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukiujua. Swali la "akili au moyo, kipi bora?" naliona halina jibu. Linalojibika ni hili: kwa uamuzi wa aina hii ulio mbele yako leo, ni upande upi kati ya hizo mbili umeshawahi kukosea, ukaonyeshwa kosa, ukasahihishwa? Huo ndio wa kuupa sauti kubwa. Kesho, kwa uamuzi mwingine, mwenye sauti anaweza kuwa mwingine.

Vigezo

Nitazipima njia zote mbili kwa mambo matano: muda na gharama zinazokula, mafunzo zilizonayo, jinsi wajanja wanavyoweza kuzichezea, urahisi wa kuwaeleza watu wengine, na unavyoishi na uamuzi ukishaufanya. Vigezo hivi havina uzito sawa. Cha pili ndicho ninachokitazama zaidi, na hapo nitakaa kuliko penginepo.

Kwanza: hesabu tupu haipo

Wapo wanaoamini kwamba mtu angeweza kuzima hisia zote, angeamua vizuri zaidi. Daktari wa neva Antonio Damasio, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Iowa, Marekani, alieleza habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot. Elliot alikuwa mume, baba na mfanyakazi mzuri mpaka alipoota uvimbe kwenye ubongo, sehemu ya mbele juu ya macho. Uvimbe ulitolewa pamoja na tishu zilizoharibika. Alipopona, vipimo vya akili alifaulu. Kumbukumbu ilikuwepo, lugha ilikuwepo, hesabu alijua. Kilichopungua ni hisia: aliweza kusimulia masaibu yake mwenyewe kana kwamba anasoma habari za mtu asiyemjua.

Mtu huyo maisha yalimshinda. Ofisini aliweza kumaliza mchana mzima akiwaza nyaraka azipange kwa tarehe, kwa ukubwa au kwa umuhimu. Alipoteza kazi, akaingia biashara na mtu ambaye rafiki zake walimwonya amwepuke, akafilisika, ndoa ikavunjika. Kila chaguo aliweza kulichambua vizuri sana. Alichokosa ni kile kitu cha ndani kinachokwambia "basi, inatosha, hili ndilo."

Kwa hiyo ninapoandika "hesabu" hapa chini, nina maana ya njia ambayo karatasi inatangulia na hisia zinafuata. Na ninapoandika "machale", hisia zinatangulia. Hakuna anayetumia moja tu.

1. Muda na gharama

Hesabu hula muda, na hapo hapo ndipo penye faida yake. Mwaka 1772 mwanasayansi wa Kiingereza Joseph Priestley alikuwa njia panda kuhusu kazi, akaomba ushauri kwa rafiki yake Benjamin Franklin, ambaye wakati huo alikuwa London. Franklin alimjibu kwa barua kwamba cha kuamua hawezi kumwambia, kwa kuwa mambo yote hayajui, ila namna ya kuamua anaweza. Gawa karatasi kwa mstari, upande huu sababu za kukubali, upande ule za kukataa. Kwa siku tatu au nne endelea kuongeza kila linalokujia. Kisha ukiona sababu za pande mbili zina uzito sawa, zifute zote, mpaka uone mizani imeinamia wapi.

Wengi tunakumbuka safu mbili na kusahau zile siku tatu nne. Lakini siku ndizo zenye kazi, maana sababu haziji zote kwa pamoja. Leo unaona mshahara. Kesho unaona kodi ya nyumba na nauli za kurudi Dar kila mwisho wa mwezi. Keshokutwa ndipo unakumbuka kwamba mama ana kliniki kila mwezi na wewe ndiye unayempeleka.

Hesabu ina gharama ya fedha pia. Upekuzi kwa Msajili wa Hati unalipiwa, wakili analipwa, kwenda kuona kiwanja mara tatu ni mafuta au bajaji. Kwa jambo la mamilioni hizo ni pesa ndogo. Kwa jambo la elfu ishirini ni ujinga.

Machale hayadai muda wala nauli. Kwa mambo mengi ya kila siku, hiyo ni baraka: ule wapi, ukae kiti gani kwenye basi, umpigie nani kwanza. Mtu anayejaribu kuyapigia hesabu haya yote atachoka kabla ya saa sita mchana, na akifika kwenye uamuzi mkubwa wa siku atakuwa hana nguvu.

2. Mafunzo

Hapa ndipo penye utajiri.

Mtafiti Gary Klein alikaa na makamanda wa zimamoto wa Marekani akiwauliza wanavyoamua ndani ya moshi, pasipo na nafasi ya safu mbili. Mmoja alimsimulia jinsi alivyoingia na vijana wake kuzima moto uliokuwa jikoni kwenye nyumba ya kawaida. Walimwaga maji, moto haukuitikia. Joto lilikuwa kubwa kuliko moto ule, na palikuwa kimya mno. Hakujua tatizo ni nini, ila hakupapenda, akawaamuru wote watoke. Muda mfupi baadaye sakafu ikaporomoka: moto wenyewe ulikuwa chini ya miguu yao, kwenye chumba cha chini ambacho hawakujua kipo. Kamanda mwenyewe alidhani ana kipawa cha kuona yaliyofichika. Klein alimwonyesha kwamba alichokuwa nacho ni miaka ya moto mwingi, kiasi kwamba moto usiofanana na mwingine ulimshtua kabla hajajua kwa nini.

Upande wa pili alikuwepo Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002 na kufariki mwaka 2024, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilionyesha jinsi mawazo ya ghafla yanavyotupotosha. Mtu angetarajia hawa wawili wagombane. Mwaka 2009 walichapisha makala pamoja, wakakubaliana kwenye jambo la msingi: hisia ya haraka inaaminika pale penye masharti mawili. La kwanza, mazingira yawe na mpangilio, yaani dalili fulani ifuatwe kweli na matokeo fulani. La pili, mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza mpangilio huo kwa kuona majibu ya makosa yake.

Chukua masharti hayo mawili, shuka nayo mpaka soko la samaki la Feri alfajiri. Mama lishe anabonyeza samaki, anafunua matamvua, anatazama jicho, anapita. Kwa mwingine anasimama na kulipa. Ukimuuliza atakwambia "huyu mzuri." Machale yake yana shule. Samaki aliyeoza humjua siku hiyo hiyo, wateja wakirudisha sahani au wakihamia kwa jirani. Amekosea, ameumia, amejifunza, mara nyingi mno. Kumwambia aandike faida na hasara za changu na za kibua ni kumpotezea asubuhi.

Sasa mchukue mama huyo huyo, mpe kiwanja cha kununua. Watu wengi hununua kiwanja mara moja au mbili maishani. Ukikosea, jibu halirudi mchana. Linarudi miaka mitano baadaye, msingi umeshapanda, mtu anashuka kwenye gari akiwa na hati ya eneo hilo hilo. Kwa uamuzi huo machale yake hayajawahi kukaa darasani, hata kama yanazungumza kwa sauti ile ile ya kujiamini aliyoizoea sokoni. Hatari iko hapo. Mtu mzoefu kwenye fani moja huenda na ujasiri wake kwenye fani nyingine bila kujua amevuka mpaka. Nimeona wafanyabiashara hodari kabisa wakinunua ardhi kwa "nimemtazama yule mzee usoni, ni mtu wa Mungu."

Hesabu kwa kiwanja ina mafunzo, ila ni ya kuazima. Zile taratibu zinazotuchosha, upekuzi, serikali ya mtaa, kuwauliza majirani wa mipakani, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, kila moja ipo kwa sababu kuna watu walilia. Ukizifuata unatumia makosa ya wengine bila kuyafanya upya.

Lakini tuwe waadilifu: hesabu nayo huweza kukosa shule. Wakenya wanakumbuka kware wa mwaka 2013 na 2014. Kwenye karatasi ilikuwa safi: ndege wangapi, mayai mangapi, bei ya yai, mara siku thelathini. Watu wengi wakapiga hesabu hiyo hiyo wiki hiyo hiyo, soko likajaa, bei ikaanguka. Huku kwetu tumekuwa na matikiti na kuku wa kwenye kalamu, ekari moja inayotoa mamilioni kwenye kundi la WhatsApp na kutoa majani shambani. Zile ni namba ambazo hazijawahi kugusana na udongo, na kuzidisha hakuzifanyi kuwa za kweli.

Kuna jaribio moja lililofanyiwa watu wa kawaida ambalo linafaa kutajwa. Damasio na wenzake walitoa matokeo yake mwaka 1997. Wachezaji walivuta karata kutoka mafungu manne. Mawili yalikuwa na zawadi kubwa na hasara kubwa zaidi, mawili zawadi ndogo na faida mwisho wa safari. Baada ya karata kama kumi, viganja vya wachezaji vilianza kutoa jasho walipotaka kugusa fungu baya, kabla hawajaweza kusema kuna ubaya gani. Baadaye watafiti wengine walibisha, wakisema wachezaji walikuwa wanajua mapema kuliko walivyodhaniwa, na ubishi huo una nguvu. Ila tazama jinsi mchezo ulivyotengenezwa: kila karata inaleta jibu papo hapo. Kwa mwalimu wa namna hiyo, mwili hujifunza. Ndoa, kiwanja na kuhama mji havina mwalimu wa namna hiyo.

3. Nani anaweza kuzichezea?

Machale yanachezewa kwa haraka na kwa hofu. Dalali mzuri anajua. "Kuna mtu anakuja kesho asubuhi na hela mkononi, mimi nimekupenda tu wewe." Sentensi hiyo inagusa mahali ambapo Kahneman na mwenzake Amos Tversky walipaandikia mwaka 1979: kupoteza kitu hutuuma zaidi kuliko kukipata kunavyotufurahisha, na makadirio ya baadaye yakawa karibu mara mbili. Kiwanja hujakimiliki bado, ila dalali ameshakufanya uone unakipoteza.

Ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Hauna hoja yoyote ndani yake. Unategemea kwamba leo kuna mtu ulikuwa unataka kumtumia hela kweli na akili yako iko mbali.

Tena kuna hisia za wizi, zile zisizohusu jambo lenyewe. Foleni ya Mbagala imekunyonya saa mbili, bosi amekupigia kelele, umefika nyumbani mtoto anaomba ada ya safari ya shule. Unasema hapana. Safari ya shule imehukumiwa kwa kosa la foleni.

Hesabu inachezewa kwa ustaarabu zaidi, na ndiyo maana wasomi hunaswa. Tazama mikopo ya kausha damu. Tuseme unapewa laki mbili, unarejesha elfu kumi tu kwa siku kwa siku 26. Namba uliyoonyeshwa ni elfu kumi, na duka lako linaweza kutoa elfu kumi, kwa hiyo hesabu "imekubali". Zidisha mwenyewe: 260,000. Umelipa asilimia 30 kwa mwezi usiotimia, na kwa kuwa unaanza kurejesha kesho yake, zile laki mbili hukukaa nazo zote hata siku mbili. Namba haikudanganya. Aliyechagua ni namba gani uione ndiye aliyekudanganya.

DECI, upatu uliosimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, ulikamata pande zote mbili kwa mpigo. Kulikuwa na hesabu, unapanda kiasi hiki unavuna kile. Na kulikuwa na imani, kwa sababu lugha ya kupanda na kuvuna ilitoka kanisani na jirani aliyekwisha kuvuna alikuwa anaonekana kwa macho. Waliosema "nimepiga hesabu" na waliosema "moyo wangu umekubali" walipanga foleni moja.

Mwisho kuna kujichezea wenyewe. Charles Darwin mwaka 1838 aliandika safu mbili, kuoa na kutooa. Kwenye kutooa aliweka uhuru wa kwenda atakako, mazungumzo ya watu wenye akili kwenye vilabu, kutolazimika kuwatembelea ndugu. Kwenye kuoa aliweka watoto, mwenza wa uzeeni, bora kuliko mbwa kwa vyovyote (hayo ni maneno yake, msinitazame mimi). Akahitimisha kwa kuandika oa, oa, oa, kisha alama ya watu wa hisabati ya kuonyesha jambo limethibitishwa. Januari 1839 akamwoa binamu yake Emma Wedgwood. Kwa jicho langu, ile ni karatasi ya mtu aliyekwisha kuamua. Ukijikuta unaongeza mistari upande mmoja mpaka ushinde, acha kalamu, umeshajijibu.

4. Kuwaeleza wengine

Maamuzi yetu mengi hayana mtu mmoja. Kuna mume, mke, wazazi, kikundi. Kwenye kikao cha VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, huwezi kusimama ukasema machale yamekucheza kuhusu mkopo wa fulani. Utaombwa ushahidi, na ni haki. Hesabu inaandikwa kwenye daftari, inapitishwa mkono kwa mkono, mwingine anaona kosa lako kwenye mstari wa tatu. Hii ni nguvu kubwa ambayo machale hayana.

Kwa mambo mengine inageuka. Shangazi akikuita faragha kuhusu mchumba, hatauliza jedwali. Atauliza, "Mwanangu, moyo wako umetulia?" Ukimjibu kwa mshahara wa kijana na idadi ya vyumba, ataondoka na wasiwasi, na wasiwasi wake ungekuwa na msingi.

5. Kuishi na uamuzi baadaye

Mwaka 1993 Timothy Wilson na wenzake walitoa matokeo ya jaribio dogo la wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Waliwapa picha za ukutani wachague moja waende nayo nyumbani. Kundi moja liliambiwa kwanza lieleze sababu za kupenda au kutopenda kila picha. Lingine lichague tu. Walioeleza sababu walichagua zaidi picha za kuchekesha, zile zilizo rahisi kuzisemea. Walipoulizwa wiki kadhaa baadaye, ndio waliokuwa wameridhika kidogo na picha zao. Kuandika sababu kuliwapeleka kwenye kile kinachoelezeka, na kinachoelezeka hakikuwa kile walichokipenda.

Hivyo kwa vitu vya kuishi navyo kwa macho na masikio, rangi ya ukuta, kitenge, mtaa wenye kelele au utulivu, machale yana haki ya kutangulia. Hesabu iweke ukomo wa bei tu.

Mambo yakienda mrama, hesabu ina hisani moja. Unaweza kurudi kwenye karatasi ukaona ulikosea mstari gani. Machale hayaachi karatasi. Baada ya matokeo utasema "nilijua tu!", na kumbukumbu itakukubalia, hata kama ulijua kinyume. Dawa yake ni rahisi nami naipendekeza kwa kila mtu: machale yakikucheza kuhusu jambo zito, yaandike kwenye simu pamoja na tarehe, kabla ya matokeo. Baada ya mwaka utakuwa na rekodi. Utagundua, kwa mfano, kwamba kuhusu watu huwa unalenga, kuhusu biashara huwa unapotea. Hapo ndipo machale yanapoanza shule.

Na istikhara je?

Wasomaji wa pwani wangeniuliza, kwa hiyo niseme kidogo. Istikhara ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri. Wapo wanaolala wakisubiri ndoto, lakini hadithi yenyewe inayoifundisha haikutaja ndoto. Wala haimzuii mtu kuwauliza wajuzi. Vivyo hivyo kwa Mkristo anayeweka jambo kwenye maombi kwa wiki nzima. Kwa vigezo vyetu vya leo, mbali na thamani yake ya kiimani, kuna jambo linalotendeka katikati: jibu linacheleweshwa, hasira inapoa, na dalali wa "kesho asubuhi" anapoteza silaha yake.

Hesabu inamfaa nani?

Anayefanya jambo kwa mara ya kwanza. Anayetumia fedha za watu wengine. Aliye katikati ya msiba, mapenzi mapya au ugomvi, kwa kuwa machale yake kwa sasa yana homa. Na yule anayejijua kwamba hawezi kusema hapana mbele ya mtu; karatasi itamsemea.

Machale yanamfaa nani?

Mwenye miaka kwenye kazi ambayo makosa hujionyesha haraka: muuguzi wa wodini, fundi magari, mwalimu wa darasa la kwanza, dereva wa bodaboda anayemtazama abiria wa saa sita usiku na kukataa safari. Pia yule ambaye karatasi zake hazimalizi kamwe, aliyelinganisha simu kumi na bado anatumia iliyopasuka kioo.

Mwongozo kwa hali

Unanunua kiwanja au nyumba. Machale yakisema "hapana", yaheshimu, ondoka. Kukosa kiwanja kimoja si hasara kubwa. Yakisema "ndiyo", yasikupeleke popote mpaka upekuzi urudi. Kwa kitu kama hiki hisia ipewe kura ya kukataa, isipewe ya kupitisha.

Unachukua mkopo. Hesabu mwanzo hadi mwisho, na ipigwe na mtu asiyehitaji hizo hela. Uliza jumla ya marejesho kabla ya kuuliza rejesho la siku.

Umepata kazi mji mwingine. Tumia siku tatu nne za Franklin. Baada ya hapo kama fedha zinakaribiana, nenda ukalale usiku mmoja mji huo ukiweza, utembee jioni, ule kwa mama lishe wa karibu na ofisi. Machale yanahitaji kitu cha kugusa.

Umempata mchumba. Vinavyohesabika, afya, madeni, ndoa ya awali, mipango ya watoto, viulizwe waziwazi, na jibu baya kwenye hivyo lisifunikwe na mapenzi. Vikishapita hapo, orodha haina kazi zaidi. Ila tazama machale yako yanasema nini siku mkiwa mmechoka, mna njaa na mmekosana, maana siku za mwanzo huwa hayafundishi chochote.

Una hasira. Usiamue kwa njia yoyote kati ya hizi. Hesabu ya mwenye hasira ni hasira iliyopewa namba.

Ndugu anaomba umkopeshe. Hapa gawa kazi. Hesabu ijibu "kiasi gani naweza kukipoteza bila watoto kukosa ada?" na isiulizwe zaidi. Kama aliomba laki tano na hesabu imesema laki moja na nusu, hiyo ndiyo dari. Kutoa au kutotoa, uachie moyo, kwa sababu wewe ndiye utakayekaa naye meza moja sikukuu ijayo. Ukitoa, mwambie kwa upole, "Kaka, nilichonacho ni hiki," na kwenye daftari lako iandike upande wa matumizi. Ikirudi, utaihamisha.